Kutoka Plantage Middenlaan hadi Westerbork

Tramu ilitushusha Plantage Middenlaan, mtaa wenye miti mikubwa upande wa mashariki wa katikati ya Amsterdam. Nilikuwa na mwenyeji wangu, dada mmoja wa Tanga aliyeolewa Haarlem siku nyingi. Kilichonitoa Dar es Salaam ni riwaya ninayoiandika, ambayo mhusika wake mkuu ni msichana wa Kiyahudi, mlezi wa watoto wadogo, katika mji uliotekwa na Wajerumani. Nilikuwa nimesoma mengi, lakini nilitaka kujua upana wa barabara hii, na huo ni lazima uuvuke kwa miguu yako.

Ni barabara ya kawaida tu. Upande mmoja kuna uso mweupe wa Hollandsche Schouwburg, ukumbi wa maigizo ambao mwaka 1942 uligeuzwa mahali pa kuwakusanyia Wayahudi kabla ya kusafirishwa kwenda kambi ya Westerbork. Ng'ambo yake palikuwa na kituo cha kulelea watoto. Katikati zinapita reli za tramu. Mlinzi aliyesimama mlango wa ukumbi alikiona kituo chote bila kukaza macho.

Ujerumani iliivamia Uholanzi Mei 1940, na mateso ya Wayahudi yalikuja kidogo kidogo, tangazo juu ya tangazo. Mei 1942 wakalazimishwa kuvaa nyota ya njano. Mwezi uliofuata wakanyang'anywa baiskeli, kisha wakakatazwa tramu, wakakatazwa kutoka nje kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na madukani wakaruhusiwa kuanzia saa tisa mchana hadi saa kumi na moja tu. Hilo la maduka lilinikaa rohoni kuliko mengine. Anayelisha familia anajua maana yake: katika nchi yenye mgao wa chakula, ukifika dukani saa tisa unakuta mabaki. Riwaya nyingi za vita hukimbilia bunduki na kuipita jikoni, na jikoni ndiko wanawake wale walikopigwa kwanza.

Tuliingia ndani ya ukumbi. Paa la sehemu ya watazamaji halipo, zimebaki kuta za matofali, na mbingu inaonekana juu. Watu takriban 46,000 walipitishwa hapa hadi mwishoni mwa 1943, wengine kwa saa chache, wengine kwa wiki kadhaa, wakilala sakafuni na kwenye viti. Kwa kuwa palijaa na watoto walikuwa wakilia, Wajerumani waliamuru watoto wadogo wapelekwe ng'ambo, kwenye kituo. Amri hiyo ilitolewa kwa ajili ya utulivu wa walinzi. Wanawake wa kile kituo wakaifanya mlango wa kutokea.

Mkuu wao alikuwa Henriëtte Pimentel, aliyezaliwa 1876, mwalimu wa watoto aliyekuwa na umri wa kustaafu. Alishirikiana na Walter Süskind, Myahudi mzaliwa wa Ujerumani aliyewekwa kuusimamia ukumbi, ambaye alihakikisha kadi ya mtoto inatoweka kwenye kumbukumbu. Mtoto akishafutwa kwenye orodha, hakuna wa kumuulizia. Kazi iliyobaki ilikuwa kumtoa. Baadhi ya watoto walinyanyuliwa juu ya ua wa michongoma kuingia chuo cha ualimu cha jirani, ambako mkuu wake, Johan van Hulst, aliwapokea na kuwaficha. Wengine walitoka ndani ya mifuko ya mgongoni na vikapu vya nguo. Na wengine walitoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe: mlezi alisubiri tramu ipite kati ya kituo na ukumbi, ikimkinga na macho ya mlinzi, akatembea sambamba nayo hadi kituo cha tramu kinachofuata, akapanda na mtoto wake.

Nilisimama pale zilipopita tramu mbili. Ya kwanza niliitazama tu. Ya pili nilijaribu kwenda nayo, nikakuta ni lazima utembee kwa haraka, karibu kukimbia, na bado uonekane mtu anayekwenda zake matembezini. Jaribu hivyo ukiwa umemshika mkono mtoto wa miaka mitatu.

Chuo kile cha ualimu sasa ni sehemu ya Jumba la Makumbusho ya Mauaji ya Wayahudi la Uholanzi, lililofunguliwa Machi 2024. Kituo chenyewe hakipo tena, kilibomolewa. Humo ndani nilijikuta nikiandika jina la Sieny Kattenburg, mlezi kijana aliyepewa kazi ambayo mimi naiona ngumu kuliko zote. Ilikuwa lazima mzazi akubali, kwa hiyo yeye alivuka barabara akaenda kuwauliza. Aliinama kwenye sikio la mama aliyekaa kati ya mizigo na kumuuliza kama yuko tayari kumwacha mwanawe. Hakuweza kumwambia anapelekwa wapi, wala kwa nani. Baadhi ya akina mama waliokubali walipanda lori wakiwa wamekumbatia mwanasesere aliyeviringishwa blanketi, ili hesabu ya watoto isionekane imepungua.

"Mtoto ananyonya, unamtoaje, mdogo wangu?" dada aliniuliza. Ana wanne. Nilinyamaza, naye hakungoja jibu.

Takriban watoto 600 waliokolewa kwa njia hizo. Wazazi wengi walikataa. Walikuwa wameambiwa wanakwenda kufanya kazi, na nani amwache mwanawe mikononi mwa mgeni akiwa bado anaamini kwamba familia itakaa pamoja? Pimentel alikamatwa Julai 1943 na kuuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wajerumani huko Poland, miezi miwili baadaye. Mlezi mwingine, Virrie Cohen, akashika nafasi yake, hadi kituo kilipofungwa mwishoni mwa Septemba.

Mchana tulitembea hadi Weesperstraat, kwenye ukumbusho wa majina ya waliouawa, uliofunguliwa 2021. Ni kuta ndefu za matofali, zaidi ya 102,000, kila tofali na jina, tarehe ya kuzaliwa na umri wa kufa. Yamepangwa kwa alfabeti, hivyo ukoo unakaa pamoja. Utasoma babu, mke, binti, kisha tofali la mtoto asiyefikisha mwaka. Tulimtafuta Pimentel tukampata. Kando yetu mzee mmoja alikuwa ameweka kiganja juu ya tofali na kufumba macho, tukasogea kumpisha.

Kesho yake nilipanda treni peke yangu kwenda mkoa wa Drenthe, kaskazini mashariki, kupitia Zwolle. Mashamba ni tambarare, mifereji imenyooka, ng'ombe kila upande. Kutoka Assen nilichukua basi hadi Hooghalen, na kutoka kwenye makumbusho ya kambi kuna mwendo wa kama kilomita tatu msituni hadi ilipokuwa kambi ya Westerbork. Magari ya wageni hayafiki, kwa kuwa siku hizi pale kuna darubini za redio, masahani meupe makubwa yanayosikiliza nyota.

Kambi ilijengwa 1939 na serikali ya Uholanzi yenyewe, kuwahifadhi wakimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani. Walipokuja Wajerumani walikuta kila kitu tayari. Kuanzia Julai 1942 hadi Septemba 1944 watu karibu 107,000 walitolewa hapa kwa treni kwenda Auschwitz na kambi nyingine, mara nyingi siku ya Jumanne, na waliorudi ni kama 5,000. Palikuwa na hospitali kubwa na shule. Mwanamke aliweza kujifungua akihudumiwa na madaktari hodari, kisha jina lake na la kichanga likasomwa usiku wa kuamkia Jumanne.

Etty Hillesum, mwandishi wa shajara, alikuja kufanya kazi hapa kwa hiari yake. Mnamo 7 Septemba 1943 alipakiwa yeye na wazazi wake na ndugu yake. Alirusha kadi ya posta nje ya behewa, wakulima wakaiokota na kuituma. Alikuwa ameandika kwamba waliondoka kambini wakiimba.

Mwisho wa reli kuna ukumbusho wa Ralph Prins, aliyewahi kufungwa hapo mwenyewe: mataruma, na reli mbili zilizopindwa kuelekea juu. Nilikaa karibu nayo nikafungua daftari. Katika rasimu yangu mama wa sura ya tatu anakataa kumtoa mwanawe, nami nilikuwa nimemwandika kama mtu mwoga, ili mlezi wangu ang'ae. Nilikata kurasa zile zote. Sasa nimempa mama huyo jina, nimempa mtoto anayenyonya, na nimeanza kuiandika upya sura nzima kutoka upande wake, tangu mlezi anapoinama sikioni mwake.