Nilivyopata kazi ya farasi nikitokea Mikindani, Mtwara, kusiko na farasi hata mmoja

Watu watatu, kwa nyakati tofauti na bila kujuana, waliniambia neno lilelile: "Kama shida yako ni farasi, si uingie polisi?" Wa kwanza mjomba, wa pili mwalimu wangu wa zamani, wa tatu konda wa basi ambaye hata sikumwomba ushauri. Ni kweli, Jeshi la Polisi lina kikosi cha mbwa na farasi. Lakini huombi kikosi, unaomba uaskari. Unakwenda depo Moshi, unakimbizwa mchakamchaka, ukimaliza unapangiwa wanakokuhitaji wao, na wanaweza wakakuhitaji barabarani Tunduru ukikagua leseni za bodaboda. Mimi sikutaka bunduki wala filimbi. Nilitaka mnyama.

Sasa niko nyumbani likizo, msimu wa korosho, kila mtu anazungumzia bei ya mnada, na bado kila jioni anakuja kijana mmoja au wawili kibarazani kuniuliza nilipitia wapi. Nimechoka kurudia, ndiyo maana naandika.

Kwanza muelewe kwa nini watu wa kwetu hucheka. Pale Mikindani kuna ile nyumba ya zamani yenye mlango wa kuchonga na kibao cha Livingstone. Alishukia ghuba yetu mwaka 1866, akiwa na ngamia, nyati wa Kihindi, punda na nyumbu (nyumbu yule mtoto wa punda na farasi, siyo wa Serengeti). Alitaka kujua kama wanyama hao watastahimili mbung'o njiani kuelekea Ruvuma. Hawakustahimili. Waliumwa na mbung'o, walibebeshwa kupita kiasi, wakapigwa, wakaisha mmoja mmoja. Basi ukimwambia mzee wa Mikindani unataka kuishi kwa kazi ya farasi, anacheka kwa haki kabisa. Bibi yangu yeye alisema, "Mwanangu, si ufuge kuku?"

Mimi nilicheka pia, baadaye, baada ya aibu niliyoipata.

Nilipomaliza kidato cha nne (matokeo tuyaache) nilipata namba ya kampuni inayopandisha watalii farasi ufukweni. Siitaji, wala ufukwe siutaji. Nikapiga. Mwenye kazi akauliza swali moja tu: "Unajua kupanda?" Nikajibu, "Tangu utotoni." Jamani. Utotoni mwangu nilipanda punda mara moja, Kilwa, kwa jirani wa shangazi, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huko na ng'ombe wake. Na yule punda alikuwa amebeba madumu ya maji. Nilikaa katikati ya madumu.

Nikasafiri. Wakaniletea farasi mweupe, mzee, mpole, jina lake Sukari. Nikamwendea kwa nyuma, kama unavyoiendea bodaboda. Kijana aliyemshika akapiga kelele, "Dada, siyo huko! Hakuoni!" Nikazunguka, nikadandia upande wa kulia. Farasi wengi wamezoeshwa kupandwa kutoka kushoto, kwa hiyo Sukari akageuza shingo akanitazama kama unavyomtazama mgeni anayeingilia dirishani. Nikazishika hatamu kama usukani wa pikipiki, nikazivuta kwa nguvu zangu zote, na papo hapo kwa woga visigino vyangu vikambana mbavu. Sasa hatamu zinamwambia simama, visigino vinamwambia nenda. Akatafakari kidogo. Akaona mwenye akili hapa ni yeye, akageuka, akarudi zake bandani taratibu, mimi juu napiga mayowe ya "Stop! Stop!", sijui kwa nini kwa Kiingereza. Mlango wa banda ulikuwa mfupi. Nikalala shingoni, boriti ikabaki na mtandio wangu. Alipofika kwenye ndoo yake akainamisha kichwa ale, nami nikateleza kwenye ile shingo kama gunia la korosho linaloshushwa kwenye lori, nikatua kwenye pumba.

Wote walicheka isipokuwa mwenye kazi. Alininyanyua, akaniambia maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Binti, ungesema hujui, ningekupa koleo leo hii. Wa kupanda ninao watano. Wa kuzoa namtafuta kila mwezi." Nikadhani basi, ananipa koleo. Akasema hapana, mtu aliyemdanganya leo kuhusu kupanda, kesho atamdanganya kuhusu farasi aliyeshinda bila maji. Akanipa nauli ya kurudi. Niliumia, lakini sikupata la kujibu.

Kwa hiyo mkiulizwa, semeni hamjui.

Baada ya hapo ndipo nilipoamua kusoma. Hakuna chuo cha farasi ninachokifahamu hapa nchini, msidanganyike na mtu. Kilichopo ni vyuo vya mifugo. Vya serikali viko chini ya LITA, wakala wa serikali wa mafunzo ya mifugo: Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri kule Tanga, na kwingineko, cha huku kusini ni Madaba, mkoani Ruvuma. Mimi nilikwenda kaskazini kwa makusudi, kwa sababu farasi wako kaskazini: mashamba ya kupandisha watalii Arusha na Kilimanjaro, na wale wa mchezo wa polo upande wa Usa River. Kuomba chuo mnajua wenyewe, ada nayo ilitoka kwenye korosho za baba na mchango wa shangazi. Darasani tulifundishwa zaidi ng'ombe, mbuzi na kuku. Lakini ng'ombe ndiye aliyenifundisha kupima joto, kushika mnyama, kuchoma sindano bila kutetemeka. Na ukiwa na baridi ya Arusha ya mwezi wa 7, mtu wa pwani, utafurahi kuwa karibu na mnyama yeyote mwenye joto.

Faida kubwa ya chuo, sikilizeni hapa, siyo cheti. Ni barua ya fildi, ya kwenda kujifunza kazi kwa vitendo. Mtu asiye na barua anaomba kazi. Mwenye barua anaomba kufanya kazi bure kwa wiki nane, na bima na msimamizi vinatajwa humohumo. Mlinzi wa getini anayesoma mhuri wa chuo anabadilika sura.

Pamoja na barua hiyo nilikataliwa sehemu sita. Au tuseme sikukataliwa, sikujibiwa. Nilituma barua pepe, nikapiga simu zikaita mpaka zikakatika. Hapo mtoto wa shangazi akaniambia niache ya bongo, niombe Newmarket, Uingereza, kwenye ile British Racing School ya kufundisha watunza farasi wa mbio. Shule ipo, lakini ni ya watu wenye haki ya kuishi na kufanya kazi kule. Mwingine akanitumia ujumbe wa "kazi ya farasi Dubai, tuma laki mbili na nusu ya medikali". Huyo nilimblok.

Ujanja ulionitoa niliupata kwa kuchoka. Nilikuwa nimekaa nje ya duka la pembejeo na dawa za mifugo, nakunywa soda, nikaona pikapu inapakia pumba na shayiri, na kijana wa duka anauliza, "Na dawa ya minyoo ya farasi je?" Nikaiacha soda nusu. Kumbe mimi natafuta farasi kwenye intaneti, wakati farasi lazima ale, na chakula chake kinapita hapa! Nikawa naenda pale kila Jumatatu na Alhamisi, nasaidia kupakia magunia bila kuombwa. Wiki ya tatu nilikuwa nawajua madereva wa mashamba manne. Mmoja wao akanipa namba ya fundi anayekata kwato. Huyo ndiye wa kumtafuta kuliko meneja yeyote! Kwato za farasi hukatwa kila wiki 6 hadi 8, kwa hiyo fundi anazunguka mabanda yote, anajua nani kaacha kazi, nani mkorofi, wapi wanalipa kwa wakati. Akaniambia, "Nenda kwa fulani, saisi wao mmoja kaondoka jana." Jana! Tangazo lisingetoka hata mwezi ujao.

(Saisi ni mtunza farasi. Neno hili wazee wa kazi wanalitumia, hasa waliopitia kwenye farasi wa mbio kule Ngong, Nairobi.)

Nikafika na barua yangu. Saisi mkuu alikuwa mzee, wote wanamwita Babu. Shikamoo, marahaba, unatoka wapi, Mtwara. Akaita wenzake: "Njooni muone, Mmakonde kaja!" Mmoja akauliza kama kwetu farasi naye anahesabika samaki nchanga, yaani panya wa kuliwa. Nikamjibu hatujawahi kumpatia mtego unaomtosha. Wakacheka, nikajua nitakaa.

Babu hakusoma barua. Alinipa kamba yenye farasi mwishoni mwake, akanionyesha pete ya chuma ukutani: "Mfunge." Kwenye pete palikuwa na kitanzi kidogo cha uzi wa robota la majani. Nikafikiri haraka. Baba yangu ni mvuvi, na ngalawa hufungwa kwa namna ambayo upepo ukibadilika mtu anavuta ncha moja tu na kamba yote inafunguka, hata kama imelowa na imekaza. Nikapitisha kamba kwenye ule uzi, siyo kwenye chuma, nikakunja kitanzi cha kwanza, nikapenyeza cha pili ndani yake, nikakaza, ncha nikaiacha inaning'inia. Babu akaja, akamsukuma farasi arudi nyuma. Fundo likakaza. Akaivuta ncha kwa vidole viwili, fundo likayeyuka.

"Nani kakufundisha?"

"Baba. Ni la ngalawa, Babu."

Kumbe ndilo fundo lenyewe la farasi. Akishtuka umfungue kwa mvuto mmoja, na ukichelewa, ule uzi ukatike kabla hajajivunja shingo. Kuhusu uzi nilibahatisha, nakiri. Nilidhani pete ni chafu.

Kazi ilianza kesho yake saa 11 na nusu alfajiri. Toroli, koleo, uma, maranda. Unazoa mavi na maranda yaliyolowa, unatandaza mapya, unasugua ndoo, unajaza maji. Unainua mguu unachokoa ukwato kutoka kisigino kwenda mbele, bila kuchoma ile sehemu laini ya pembetatu katikati. Buti za mpira nilinunua elfu kumi na tano au ishirini hivi, zikapasuka mwezi uleule, nunueni nzuri. Chumba nilipanga na msichana mwingine, chakula cha mchana tulikula na masaisi, ugali na mboga za majani, nami nikaota ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, usiku.

Wiki ya sita, asubuhi moja, natoka na toroli kwenye chumba cha Tausi, jike mwekundu. Nikalisukuma na karibu nianguke kifudifudi, maana lilikuwa jepesi. Mikono yangu ilishazoea uzito wa mavi ya Tausi, na yale hayakuwa yake. Nikarudi kuhesabu: marundo mawili, madogo, makavu. Farasi hunya mara 8 hadi 12 kwa siku. Majani ya usiku yako palepale. Nikamtazama, akageuza kichwa akatazama ubavu wake, akaparua chini kwa mguu. Nikakimbia kwa Babu nikiwa na koleo mkononi bado. Farasi hawezi kutapika, kikimkwama tumboni hakina njia ya kurudi, na anaweza kufa siku hiyohiyo. Daktari alifika, akampitishia mpira puani mpaka tumboni, akampa mafuta na dawa. Tulimwangalia mchana kutwa. Saa 2 usiku Tausi akanya, na watu wazima tisa tukashangilia mavi kama bao la dakika ya 90.

Fildi ilipoisha Babu alimwambia mwenye shamba, "Huyu asiondoke, anajua kupima kwa toroli." Nikamaliza chuo nikarudi pale, posho kwanza, mshahara baada ya miezi mitatu. Siyo hela ya kununua kiwanja Shangani ya Mtwara, lakini inaingia.

Kupanda nilifundishwa baadaye, jioni, kazi ikiisha. Mpaka sasa nimepanda kama mara ishirini, nimeanguka nne, moja mbele ya wageni. Bibi amekuwa akiniomba picha nikiwa juu ya farasi awaonyeshe wenzake. Nilimtumia moja nzuri, nimesimama na Tausi na toroli limejaa. Akapiga simu: "Hicho kilichomo ndani ni nini, mwanangu?" Nikamwambia, "Bibi, hiyo ndiyo kazi."