Aliyekula Meza Moja na Marehemu

Kati ya vipindi vyote vya Columbo, tamthilia ya runinga ya Kimarekani kuhusu mpelelezi wa polisi mwenye jina hilo, kinachonikaa moyoni ni kile cha mauaji ya mkahawani, "Murder Under Glass", kilichorushwa Marekani Januari 1978. Nimekitazama tena jana usiku, na asubuhi kwenye matatu ya kutoka Kondele bado nilikuwa nakiwaza.

Paul Gerard, anayeigizwa na Louis Jourdan, ni mwandishi maarufu wa mambo ya chakula. Akisifu mkahawa, wateja wanajaa, akiuponda, umekwisha. Kwa hiyo wenye mikahawa wanamlipa kisirisiri. Mmoja wao, Vittorio, amechoka na anatishia kumwanika. Wanakula pamoja, Gerard anaondoka, na punde Vittorio anakufa kwa sumu. Muuaji tunamjua tangu mwanzo, kama ilivyo desturi ya Columbo. Tunachongojea ni huyu mpelelezi mwenye koti lililokunjamana, Peter Falk, atuambie alijuaje.

Jibu lake ndilo linalonifanya nikipende kipindi hiki. Alimshuku Gerard karibu mara tu walipokutana. Mtu ametoka kula na mwenzake, anaambiwa mwenzake amekufa kwa sumu, polisi wanamwita, naye anakuja. Hapiti kwa daktari. Haombi aoshwe tumbo. Anafika nadhifu, tayari kusaidia.

Aliyekulia hotelini anajua hilo haliwezekani. Mama alikuwa na hoteli ya samaki karibu na soko la Kibuye, na siku moja mwendesha boda aliyekuwa akila ngege na wenzake alisimama, akashika meza, akaanguka. Wote walikuwa wamemega ugali mmoja. Kabla hata hajainuliwa, mmoja alikuwa ameshashika tumbo, mwingine anajitia vidole kooni, wa tatu anapiga kelele, "Mathe, maziwa! Tuletee maziwa!" Mama alitoa yote, hata yale ya chai ya jioni, na yeye mwenyewe akanywa kikombe kwa kuwa ndiye aliyeonja mchuzi. Hospitalini ikaonekana kijana ana malaria kali aliyoipuuza. Wenzake walikuwa wazima kabisa, ila hakuna ambaye angekubali kuambiwa haumwi. Mtu mwerevu kama Gerard alipanga kila kitu, lakini hofu hiyo hakuipanga, kwa sababu hakuwa nayo.

Maziwa, hata hivyo, yasingemfaa Vittorio. Sumu yenyewe inatoka kwa bunju, yule samaki anayejijaza kama puto, ambaye wavuvi wa Pwani wanamjua vizuri na kumwogopa. Inaitwa tetrodotoksini. Hukaa zaidi kwenye ini na mayai, na moto wa jikoni hauiharibu. Huanza kwa ganzi midomoni, kisha hukata mawasiliano ya neva na misuli hadi kifua kinashindwa kuvuta pumzi, na mgonjwa anaweza kuwa na fahamu zake muda wote huo. Dawa ya kuizima haijapatikana. Madaktari humsaidia mtu kupumua kwa mashine mpaka mwili uitoe. Ndiyo maana Japani mpishi hawezi kumwandaa samaki huyo bila leseni. Gerard aliificha ndani ya kifungulio cha chupa kinachotumia gesi, ikaingia kwenye mvinyo wakati chupa inafunguliwa.

Wako wanaosema onyesho la mwisho halisadikiki, kwamba hakuna askari angeketi peke yake na mtu wa sumu. Mimi nalisadiki. Columbo anavaa aproni, anampikia Gerard nyama ya ndama, na Gerard anajaribu kumuua kwa mbinu ile ile, hivyo mvinyo ule unakuwa ushahidi. Njia nzima wapishi wamekuwa wakimlisha mpelelezi huyu kwa sababu walimpenda Vittorio. Ni haki kesi yao imalizwe na mtu aliyesimama mbele ya jiko. Tena Columbo haufichi ukweli: kipaji cha Gerard anakiheshimu, mengine yote ya Gerard hayapendi.

Jambo moja tu linanisumbua. Mkahawa wa Vittorio ulikuwaje baadaye? Baada ya yule kijana wa boda kuanguka, Mama alipoteza wateja kwa wiki nyingi, na malaria haikuwa kosa la samaki wake. Alieleza, akaapa, akaonyesha sufuria. Watu walimwitikia vizuri, wakaenda kula kwingine. Wanawake wa Dunga waliokuwa wakimletea samaki kwa mkopo walianza kudai pesa mkononi, na msichana wa kuosha vyombo akaachishwa. Vittorio alikuwa na mpwa wake, Mario, kijana aliyetoka Italia na ambaye Kiingereza bado kilikuwa kinamshinda. Wapishi, wahudumu, madeni ya sokoni, vyote vilibaki pale. Kipindi kingenipa dakika tano za Mario akifungua mlango asubuhi iliyofuata, ningefurahi kuliko kumwona Gerard akikamatwa.