Nilivyoifuata ardhi ya akina Clifford, shamba kwa shamba

Kabla ya kwenda Uingereza kusomea utunzaji wa nyaraka nilikuwa karani kwa wakili mmoja Mombasa. Kazi yangu kubwa ilikuwa kupekua historia za viwanja: nani alimuuzia nani, nani alirithi, nani kaweka zuio na kwa nini. Basi tulipoambiwa darasani kila mmoja achague familia moja ya mabwana wa ardhi wa huko, ya karne ya 16 na 17, aeleze mali yao ilivyopita mikononi mwa watu, nilichagua akina Clifford wa kaskazini. Kesi yao ilinivuta. Ilianza 1605 ikaja kuisha 1643, na haikumalizwa na hakimu wala mfalme.

Kisa chenyewe kwa ufupi. George Clifford, Erli (cheo cha juu cha mabwana wa Uingereza) wa tatu wa Cumberland, alikuwa mtu wa bahari. Aligharamia meli za kuwavizia Wahispania, na mwaka 1598 aliiteka ngome ya San Juan kule Puerto Rico. Sifa alipata, na madeni pia. Wanawe wawili wa kiume walikufa wadogo. Alipofariki Oktoba 1605 aliacha binti mmoja, Anne, mwenye miaka 15. Wosia wake ulimpa mdogo wake Francis mashamba na majumba yote, na binti akaandikiwa paundi 15,000. Mjane, Margaret Russell, akagoma. Akaanza kukusanya hati za kale kuthibitisha kwamba mumewe hakuwa na uwezo wa kutoa kile alichokitoa.

Wengi husimulia habari hii kama ami aliyemdhulumu mpwa, wakaishia hapo. Mimi kila nilipoisoma hivyo nilikwama. Kama Anne alikuwa mrithi, mbona Francis aliitwa Erli bila ubishi wowote? Na kama Francis aliachiwa kila kitu, mbona Margaret aliendelea kuishi katika ngome ya Brougham na kukusanya kodi za Westmorland, jimbo la huko kaskazini, zaidi ya miaka kumi?

Nikarudi kwenye ukarani wangu. Nilitandika karatasi kubwa mezani, nikaacha kuchora ukoo wa watu, nikafungua faili kwa kila mali peke yake. Kila faili na maswali matatu: imekaliwa na nani, kwa hati gani, mpaka lini.

Faili la kwanza lilikuwa la cheo. Uerli wa Cumberland ulitolewa 1525 na ulikwenda kwa wanaume tu. Francis akaupata, na Anne hakuwahi kuudai. Hapo nikapata jibu la swali la kwanza: cheo kilikuwa na njia yake, ardhi ina njia yake.

La pili ni Skipton, kule Craven, Yorkshire, ngome aliyozaliwa Anne mwaka 1590. Akina Clifford waliipata kwa Mfalme Edward wa Pili mwaka 1310, na utata wote uko kwenye masharti ya ile hati. Ardhi ilifungwa kwa uzao wa mwili wa aliyepewa, haikusemwa uzao wa kiume peke yake. Mtu wa Pwani ataelewa haraka akikumbuka wakfu wa jamaa: mwenye zamu anakula matunda ila mti hana ruhusa ya kuuza. Na sheria ya kawaida ya Uingereza ilikuwa wazi kuliko tunavyodhani sisi tunaosikia kwamba wanawake wa zamani hawakurithi. Mwana wa kiume alitangulia, kweli, lakini kama hayupo, binti alimtangulia ami yake. Mabinti wakiwa wengi waligawana sawa. Akiwa mmoja, alichukua yote. Kwa hiyo Margaret hakuwa akiomba huruma ya mtu. Alikuwa akisema kwamba George alikuwa mwenye zamu tu, na wosia wa mwenye zamu hauwezi kuvunja hati ya miaka mia tatu nyuma.

La tatu, Westmorland: Appleby, Brougham, Brough na Pendragon. Hii haikutoka kwa Edward kabisa. Ilikuwa ya akina Vieuxpont tangu enzi za Mfalme John, ikaingia kwa akina Clifford karne ya 13 kwa ndoa na binti mrithi. Ni ngome nne ambazo familia ilizipata kupitia mwanamke, na sasa mwanamke anaambiwa hazimhusu! Sijui kama mawakili wa Francis waliona aibu. Nisingewawekea dau.

Juu ya faili hilo la Westmorland kulikuwa na tabaka jingine. Mke wa tabaka lile, siku za ndoa, alitengewa ardhi ya kuishi nayo endapo angefiwa na mume, aikalie mpaka kufa kwake. Margaret alitengewa Westmorland. Ndiyo maana Francis, pamoja na wosia mkononi, hakuweza kumng'oa Brougham. Na ndiyo maana mambo yote yalilipuka Mei 1616, Margaret alipokufa. Hapo ndipo ardhi ya mjane ilipoachwa wazi, na kila upande ukakimbilia kuikamata.

Kabla sijaendelea, neno kuhusu kuzisoma hizi hati, maana ndiko jasho lilikotoka. Usianze na hati za mahakama za Kilatini. Anza na wosia wa Kiingereza. Maelfu yamenakiliwa kwenye vitabu vilivyoko Hifadhi ya Taifa kule Kew na unaweza kuyapata kwa intaneti. Mwandiko wa enzi hiyo una e iliyogeuka nyuma, h inayoshusha mkia chini ya mstari, s ndefu inayofanana na f. Fedha ziko kwa tarakimu za Kirumi: paundi nne ni iiij, ile i ya mwisho imevutwa mkia ili mtu asiongeze nyingine, kisha li ya paundi. Mimi nilinakili ukurasa mmoja kwa penseli, herufi kwa herufi, bila kujali maana, mpaka jicho likazoea.

Tarehe nazo zina mtego. Mwaka wao ulianza 25 Machi. Kwa hiyo tarehe 14 Machi ambayo wao waliihesabu bado ni 1616, kwetu ni 1617. Dawa yake ni mwaka wa utawala, yaani unaohesabiwa tangu siku mfalme alipoanza kutawala. Wa 14 wa James wa Kwanza unaanza 24 Machi 1616 na kwisha 23 Machi 1617, hivyo ukiuona kando ya tarehe hiyo, ubishi umekwisha.

Tarehe hiyo ya 14 Machi sikuichukua ovyo. Ndiyo siku Mfalme James alipotoa uamuzi wake. Wakati huo Anne alikuwa mke wa Richard Sackville, Erli wa Dorset, wakiishi Knole, Kent. Mume alipenda starehe na alitaka fedha taslimu. Alimbana mkewe akubali fidia, na mwaka 1616 akafika hadi kumtenga na binti yao mdogo. Kwenye shajara yake Anne anaeleza jinsi Januari 1617 alivyopelekwa mbele ya mfalme, akapiga magoti, akamwambia kwamba Westmorland hataiacha akiwa hai kwa sharti lolote. Malkia alikuwa ameshamtahadharisha asimwachie mfalme mambo yake yote. Uamuzi ukatoka: ardhi kwa Francis na mwanawe Henry, paundi 20,000 kwa upande wa Dorset. Anne hakutia sahihi.

Wanafunzi wenzangu waliona kugoma huko ni ushujaa. Kwa jicho la karani, kilichonivutia zaidi ni kifungu cha uamuzi chenyewe: uzao wa kiume wa Francis ukikatika, ardhi inarudi kwa Anne. Nikakiandika kwa wino mwekundu katika faili la Skipton na la Westmorland, kisha nikahesabu vifo. Dorset alikufa 1624. Francis, 1641. Henry, Desemba 1643, bila mwana wa kiume aliye hai. Anne alipata Skipton na Westmorland akiwa na miaka 53, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, na hakufika kaskazini mpaka 1649.

Baada ya hapo karatasi yangu ikawa rahisi: safu zote mbili za ardhi zinaishia jina moja hadi 1676, kisha zinapita kwa bintiye Margaret kwenda kwa akina Tufton, maerli wa Thanet. Nilikuwa nimebakisha faili moja tu, la wapangaji, na hilo ndilo lililonibadilishia sura ya huyu mama. Wakulima wa Westmorland walishikilia mashamba kwa mila za mpakani mwa Uskoti, wakilipa ada bwana akibadilika au mpangaji akibadilika. Anne alipofika hakukawia kuwapeleka mahakamani kuhusu kodi na ada hizo, akiwa na vitabu vyake vikubwa vya kumbukumbu, nakala tatu, vilivyojaa hati zilezile alizopigana nazo na ami yake. Alizikarabati ngome zake, akajenga makanisa, akawa mkarimu kwa maskini: kwenye nguzo aliyoisimamisha karibu na Brougham mahali alipoagana na mama yake, aliweka paundi nne kwa mwaka kwa maskini wa parokia ile, zitolewe kila 2 Aprili. Lakini kodi yake aliitaka mpaka peni ya mwisho, na katika maelezo niliyowasilisha niliandika hivyo, ingawa mwalimu wangu, ambaye anampenda sana Bibi Anne, aliweka alama ya kuuliza pembeni.