Ukali wa redioni
Jumapili tulikuwa tunatazama mbio za magari za Formula 1 kwenye baa moja South B, nyama choma mezani, jamaa wa meza ya pili akasikia dereva akiongea na timu yake kwa redio, akashangaa: “Huyu dereva anamfokea nani hivyo? Mimi bosi angenifuta kazi hapo hapo!” Nikamwambia huo si utovu wa adabu. Abu Dhabi 2012, dereva Kimi Räikkönen aliwaambia timu yake ya Lotus redioni wamwache, anajua anachofanya. Akashinda. Mtu anakata kilomita 300 kwa saa, shingo inavutwa kila kona, atapata wapi nafasi ya “samahani, naomba”? Kinachonikera mimi ni kulalamika gari likishazimwa. Dereva Max Verstappen na injinia anayeongea naye redioni, Gianpiero Lambiase, walianza kurushiana maneno 2016, na mataji manne ya dunia wamebeba. Lambiase naye hanyamazi, Max akizidisha anajibiwa.