Jinsi nilivyoichambua 4,294,967,297 kwa kalamu na karatasi

Namba 4,294,967,297 ni 2³² ukiongeza 1. Pierre de Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini kuwa ni namba tasa kama zilivyo 3, 5, 17, 257 na 65,537 zinazoitangulia katika mfuatano wake, lakini mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Nilitaka kulithibitisha jambo hilo bila kikokotoo, na zaidi ya hapo nilitaka kuelewa kwa nini ni 641.

Kilichonifungulia njia ni kanuni ya Euler mwenyewe: kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Niliandika 65, 129, 193 na kuendelea, nikafuta zisizo tasa, zikasalia 193, 257, 449, 577 na 641. Kazi iliyoonekana kuhitaji mamia ya majaribio ikawa ya majaribio matano, na la tano likatoa 6,700,417 bila baki.

Hata hivyo, kugawanya hakuelezi sababu. Sababu niliiona nilipoiandika 641 kwa namna mbili: 5 × 2⁷ + 1, na 5⁴ + 2⁴. Tukihesabu kwa mabaki ya kugawanya kwa 641, namna ya kwanza inatuambia kuwa 5 × 2⁷ ni sawa na −1, hivyo kipeo chake cha nne, yaani 5⁴ × 2²⁸, ni sawa na 1. Namna ya pili inaturuhusu kuweka −2⁴ mahali pa 5⁴, na papo hapo −2³² inakuwa sawa na 1, kwa hiyo 2³² + 1 haiachi baki lolote. Sijawahi kukutana na uthibitisho mfupi unaonifurahisha kuliko huu.

Ilibaki kujua kama 6,700,417 nayo ni tasa. Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, hivyo ilitosha kujaribu namba tasa zilizo chini ya hapo; tena kigawo chake chochote ni kigawo cha namba ya mwanzo pia, na kanuni ya Euler, baada ya kuimarishwa na mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas katika karne ya 19, inadai baki la 1 kwa 128 badala ya 64. Namba tasa zilizotimiza masharti hayo zilikuwa 257, 641, 769, 1,153 na 1,409 tu. Nilipogawanya nilipata mabaki 170, 44, 120, 334 na 622, kwa hiyo 6,700,417 ni tasa.