Pampu Isiyonyamaza

Mwaka 2011 nilikuwa na Subaru Impreza WRX ya 1998, ile yenye mgongo mrefu, niliyoinunua Nyali kwa mtu aliyesema amechoka kuilisha. Nilicheka. Miezi sita baadaye nilikuwa nimeitwika turbo kubwa zaidi, ile feni inayosindilia hewa ndani ya injini, injekta kubwa za kunyunyiza petroli, na pampu ya petroli ya Walbro, ya lita 255 kwa saa. Mshahara wangu wa ukarani ukawa unapitia kwenye tangi la gari kabla ya kufika nyumbani.

Mambo yaliharibika kwenye kilima cha Mazeras. Usiku, malori yamepungua, nikakanyaga eksileta mpaka chini. Gia ya tatu, turbo ikashika, halafu nikasikia kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo. Mguu niliuondoa upesi kuliko nilivyouweka. Wenye Subaru za turbo wanaijua sauti hiyo. Hewa imezidi petroli, mchanganyiko unajiwakia ovyo, na pistoni za EJ20, injini ya gari hili, hazina subira na jambo hilo. Humeguka pale zinapokaa ringi, na habari ya injini huishia hapo. Nilirudi Mombasa mwendo wa mkokoteni.

Asubuhi nikatoa mita. Betri, injini ikinguruma: volti 13.9. Kwenye soketi ya pampu, chini ya zulia la buti: 10.8. Volti tatu na ushei zilikuwa zinapotelea njiani. Waya wa kiwandani ulikuwa mwembamba, ulipimiwa pampu ndogo ya zamani, na ethi yake, waya wa kurudishia umeme kwenye bodi, ilikuwa imefungwa kwenye bati lililokwisha kuota kutu ya kijani na nyekundu. Gari likikaa miaka mitano karibu na bahari, chumvi huwa imeshafika pasipofika mkono wa fundi. Pampu ikinyimwa volti huzunguka kivivu, na presha ya petroli ikipanda ndipo inapozidi kulegea, yaani saa ile ile turbo inapodai zaidi.

Dawa niliijua: rilei. Rilei ni bawabu tu. Unampa ishara ndogo, yeye anafungua lango zito. Nikaenda Mwembe Tayari, nikanunua rilei ya ampea 40, waya mnene wa milimita nne za mraba, fyuzi ya ampea 20 na vichwa vya waya vya kubana. Jumamosi nzima nilikuwa chini ya dashibodi na chini ya mazulia, jasho likiniingia machoni. Rilei ina miguu yenye namba: 30 ikapata waya mnene kutoka betri, 87 ikaenda pampu, 85 ikaenda ethi mpya niliyoisugua msasa mpaka bati likang'aa. Ikabaki 86, ya kumwamsha bawabu. Huko nyuma nilikuta waya unaopata moto, yaani umeme, mara tu swichi ya ufunguo ikifunguliwa. Nikauunga hapo. Jua lilikuwa linazama na nilikuwa na njaa.

Nikafungua swichi. Zzzzzz. Nikapima: 13.6! Pampu iliimba na kuendelea kuimba, nami nikakaa ndani ya gari nikiisikiliza kama mtu aliyepata mtoto.

Jumapili nikaenda Majengo kwa mzee aliyenifundisha kushika bisibisi. Nilikwenda kujionyesha, sina haja ya kuficha. Nilimkuta kwenye kreti lake la soda, mbele yake chai, mbaazi na mahamri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Washa tusikie."

Nikafungua swichi bila kupiga stata, ili aisikie pampu peke yake. Alitega sikio, hamri mkononi. Sekunde tatu, tano, kumi.

"Mbona hainyamazi?"

"Ina nguvu, mzee."

"Sikukuuliza nguvu. Nimekuuliza mbona hainyamazi."

Sikuwa na jibu. Akaniambia nipige stata, nitie gia ya tatu, nikanyage breki, niachie klachi. Gari likaruka kama mbuzi na injini ikafa. Swichi ilikuwa bado wazi. Kimya kizima cha gereji kikajaa ile zzzzzz kutoka nyuma.

"Haya. Umepinduka Mariakani," akasema. "Injini imekufa, wewe umezirai, bomba la petroli limekatika juu ya turbo ya moto. Pampu yako inafanya nini?"

Nilipiga hesabu kichwani: lita 255 kwa saa ni zaidi ya lita nne kwa dakika. Sikuitamka.

Ndipo nikakumbuka jambo nililolisikia kila siku na kulipuuza. Gari lilipokuwa na waya wake wa kiwandani, ukifungua swichi pampu ililia kama sekunde mbili tu, ikanyamaza, ikangoja. Kompyuta ya injini ndiyo iliyoishika: isipoona injini ikizunguka, inaikata. Mimi nilikuwa nimeipita kompyuta kwa mlango wa nyuma, nikauita uhuru ule nguvu.

Aliuliza pia fyuzi iko wapi. Nikamwonyesha: nyuma, pembeni mwa pampu. Hapo alicheka, na kicheko kile kiliniuma kuliko maneno. Mita nne za waya wenye moto zilikuwa zimelala chini ya mazulia bila ulinzi wowote. Ungechubuka mahali popote, fyuzi isingejua.

Hakushika kitu. Alikaa kwenye kreti akanitazama nikifungua mazulia yale yale. Fyuzi ikarudi chini ya boneti, shibiri moja kutoka betri. Ule waya mwembamba wa kiwandani nilioutupa pembeni, unaoamriwa na kompyuta, ndio ukaungwa kwenye 86. Kumwamsha bawabu hakuhitaji hata robo ya ampea, kazi hiyo unaiweza vizuri. Adhuhuri iliadhiniwa, akaenda, akarudi, bado nabana vichwa.

Nikafungua swichi. Zzz. Kimya.

"Tena," akasema.

Zzz. Kimya.

Akanisogezea kisahani. Lilikuwa limebaki hamri moja, limeshapoa. Nililila nikiwa nimesimama, mikono inanuka petroli.