Kwizi ya mwaka 1956: vile niliwatoa jasho wazee wa Dublin

Klabu yetu ya riadha hapa Dublin, Ayalandi, ilikuwa inatafuta pesa za jezi za watoto, na huku ukitaka pesa ya haraka unafanya kwizi kwenye baa, kila meza timu yake na kiingilio chake. Mwaka ukachaguliwa 1956, ule ambao Mwayalandi Ronnie Delany alibeba dhahabu ya mita 1500 Melbourne, na kwa vile Mkenya kwenye klabu ni mimi basi ikaonekana mbio nazijua toka tumboni. Haya, maswali nikapewa mimi.

Ushauri ukamiminika. Jamaa mmoja anayejiona fundi wa kwizi akaniambia we chukua orodha ya matukio ya mwaka huo kwenye intaneti, geuza kila mstari uwe "ilikuwa tarehe gani", umemaliza. Nikafuata, nikaenda kumjaribia mama mkwe na dada zake. Wacha tu! Nasser, rais wa Misri, alitaifisha mfereji wa Suez tarehe gani? Kimya. Vifaru vya Urusi viliingia Budapest, Hungaria, kuzima mapinduzi tarehe gani? Mmoja akainuka kuchemsha chai na hakurudi. Mama mkwe akanitazama kama nimemtusi, manake mwaka huo alikuwa mtoto Cork na bado anapata sufuri. Sasa katika kunifokea ndio akaanza kusema vile polio iliingia Cork mwaka huo, wakafungiwa nyumbani, na hata fainali ya hurling, ule mchezo wao wa vigongo, ikasogezwa mbele. Hakuna tarehe hata moja lakini aliongea mpaka chai ikapoa.

Nikachana karatasi zote. Kila swali likawa la "kwa nini". Kwa nini fainali ya hurling ilichezwa 23 Septemba badala ya mwanzo wa mwezi? (Polio, na Cork wakapigwa na Wexford, halafu Oktoba wakapigwa tena na Galway kwenye mpira wa miguu wa Kiayalandi, kwa hiyo meza ya watu wa Cork usiwape bia kabla ya hiyo raundi.) Kwa nini farasi wa Olimpiki ya Melbourne walishindana Stockholm, Sweden, tena mwezi Juni? Sheria za karantini za Australia. Kwa nini Uholanzi, Hispania na Uswisi hawakwenda? Hungaria, walisusa kwa sababu ya vile vifaru. Na Misri? Vita vya ule mfereji wa Suez. Kwa nini kambi ya Knockalisheen karibu na Limerick ilijaa wageni mwisho wa mwaka? Hungaria tena, wakimbizi. Unaona dunia na Ayalandi zinaingiliana zenyewe bila mimi kuzilazimisha.

Raundi ya Delany niliisoma mwenyewe na madoido yote. Jumamosi 1 Desemba, Dublin bado alfajiri, televisheni yao haijazaliwa, ni redio tu. Uwanja mzima unamshangilia John Landy, mwenye rekodi ya dunia ya maili, mtoto wa nyumbani. Kengele ya mzunguko wa mwisho inalia na Delany yuko kule nyuma mkiani, halafu anatoka nje anafyatuka, 3:41.2, rekodi ya Olimpiki. Anapiga magoti, Landy anakimbilia akidhani ameumia, kwa nini alipiga magoti? Baa nzima ikajibu kwa pamoja: anasali! Ikabidi nifute hilo swali, pointi hakuna.

Ya mwisho nikawawekea ya kwetu, hapo ndio niliwamaliza. Nchi gani ya Afrika Mashariki ilicheza Olimpiki yake ya kwanza Melbourne huku kwao kukiwa na hali ya hatari, na Dedan Kimathi amekamatwa mwezi mmoja tu kabla? Kenya walipata wengi. Nani wetu alishika nafasi ya 7 kwenye mita 5000 alizoshinda Kuts wa Umoja wa Kisovieti? Nyandika Maiyoro! Hakuna meza iliyompata, hata ya yule fundi wa tarehe, na nililitamka hilo jina polepole sana.

Karatasi na zawadi vilikula kama yuro hamsini hivi. Jezi zimenunuliwa, ila meza ya Cork mpaka leo wanadai pointi yao ya kupiga magoti na siwapi.